Bendera ya Buluu Niliyokataa Kuiondoa

Sanduku la Posta 62,
Stavne, Dakota Kaskazini.
12 Novemba, 2018

Mpendwa kaka Lowell,

Shikamoo. Mgongo unasemaje na hiyo baridi ya Alaska? Na wifi Nadine, kikohozi kimemwachia? Huku theluji imeshaanza. Mama anatembea vizuri na nyonga yake mpya, ila fimbo hataki hata kuiona.

Mimi mwili mzima, kaka, lakini moyo umechafuka. Nimesimamishwa kazi, na dada yetu Joleen hasemi nami. Najua ameshakupigia akakupa ya kwake. Sikia na yangu.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakagua treni ya mafuta ghafi kabla haijaondoka. Nilipanda juu ya tangi moja nikakuta mfuniko umelowa. Nikakaza nati, nikapangusa, nikasubiri. Mafuta yakachuruzika tena. Nikamwambia Merle, ambaye siku hizi si shemeji tu bali ndiye bosi wa yadi, kwamba behewa lile litolewe, tubadilishe mpira wa mfuniko. Akajibu kuwa treni imeshachelewa, litatengenezwa huko liendako.

Kabla ya kufika huko, linapita katikati ya miji ya watu. Mvuke wa mafuta yale unangoja cheche tu.

Kwetu, mkaguzi akichomeka bendera ya buluu relini, treni haisogei, na hakuna wa kuiondoa ila aliyeiweka. Yangu ilikuwa imesimama. Nikaiacha.

Merle akaja mwenyewe kwa miguu. Hakufoka. Alisema polepole, wenzangu wakisikia:

“Shemeji, toa bendera. Hiyo ni harufu tu. Mafuta hunuka.”

“Yakiwa ndani hayanuki nje, Merle.”

“Unanidhalilisha mbele ya watu wangu.”

“Toa behewa, nami natoa bendera.”

Alikwenda kupiga simu kwa wakubwa. Nilisimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Nasikia walimuuliza kama yuko tayari kulidhamini tangi lile kwa jina lake, naye akakataa. Basi wakakubali behewa litolewe. Nikaing’oa bendera kwa mkono wangu, behewa likasukumwa pembeni, treni ikaenda zake. Mafundi walipofungua mfuniko, mpira ulikuwa umepasuka, kidole kinapita. Merle aliutazama, akageuka, akaondoka.

Jioni ile ile nikaambiwa nirudi nyumbani kwa kukaidi amri ya bosi. Tangi lilikuwa bovu, wote wanakiri. Kosa langu eti ni jinsi nilivyosema, na mbele ya nani nilisema! Chama cha wafanyakazi kinaniambia nitarudi kazini, ila lini hakijui. Nimebaki kufagia nyumba iliyokwisha fagiliwa.

Joleen anasema nataka mumewe afukuzwe. Nilimpelekea lefse, ile mikate myembamba ya viazi, niliyoipika mwenyewe. Pazia lilitikisika, mlango haukufunguliwa. Nikala ile mikate garini, peke yangu, kwa hasira. Naye mama anataka tuketi sote mezani Sikukuu ya Shukrani, na asiwepo wa kutaja treni. Katika mji huu unaoishi kwa reli, kaka! Tutazungumza nini?

Nakuomba umpigie Joleen. Wewe ndiye mkubwa wetu, hatakukatia simu. Usimwambie aniombe radhi, wala usinitetee mimi. Lakini chumba wanacholala wanawe kinatazama reli, na treni zile hupita usiku kucha nyuma ya ukuta wao. Mwambie awahamishie chumba cha mbele. Akikuuliza nani kakutuma, sema ni wazo lako.

Nisalimie wifi Nadine, na binti yenu Corliss na mumewe. Mama anawabusu nyote. Mungu awafunike huko mliko, awape majira ya baridi mepesi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye upendo ule ule ingawa leo nimenuna,

Ardis