Wasichana wa Upande wa Pili wa Rejista

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa shule alitaka idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kabisa, aiweke kwenye historia ya shule itakayosomwa siku ya mahafali. Nikahesabu kwenye rejista ya zamani: thelathini na wanne, wavulana watupu. Mlinzi, ambaye yuko hapa tangu shule ina vyumba vitatu, akabisha. Walikuwa arobaini na watano, karani, na wasichana walikuwemo.

Nikainyanyua rejista niifute vumbi. Jalada la nyuma likafunguka. Kumbe daftari lilianzwa pande mbili! Wavulana mbele; wasichana kumi na mmoja nyuma, kichwa chini miguu juu. Katikati kurasa tupu, na mimi siku zote niliishia hapo.

Wa sita ni yule muuguzi. Hospitali iliandika kuuliza kama kweli alisoma hapa. Wiki iliyopita niliwajibu mimi: shule haina kumbukumbu zake. Nikagonga muhuri kwa mbwembwe. Wasio na uthibitisho wanaachishwa kazi Ijumaa hii.

Chakula cha mchana sikukigusa.

Jumanne, 4 Juni

Sijasema. Nimefika mlangoni kwa mkuu mara tatu. Mara zote nikajidai natafuta stepla. Muda wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Na mama ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ana meza yenye droo.

Kidato cha pili walijazana dirishani wakitaka ruhusa ya kwenda kutibiwa. Kesho wana jaribio la hisabati — ugonjwa wa mlipuko. Mmoja akanichungulia: "Bwana Muhuri, na wewe unaumwa?" Nikampa ruhusa bila kumuuliza anaumwa nini.

Jumatano, 5 Juni

Nimesema.

Niliingia na rejista kwapani, nikaeleza yote kwa pumzi moja. Mkuu akaigeuza, akasoma. Nikaanza kufikiri nitabeba vipi vitu vyangu. Kisha akavua miwani. Barua ile nani alisaini? akauliza. Wewe, Mwalimu, nikajibu. Basi tumekosa wawili, akasema. Andika nyingine, na kesho uipeleke kwa miguu yako.

Ndiyo hivyo tu. Nilikwenda nyuma ya maktaba nikacheka peke yangu kama mwehu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimenipitia kando. Nimekula sahani mbili. Mama anauliza kuna nini. Hakuna kitu, mama, njaa tu.

Alhamisi, 6 Juni

Naandikia kwenye benchi, nje ya ofisi ya utumishi ya hospitali. Muuguzi yuko pembeni yangu.

Nilimkuta wodi ya watoto, anafunga bandeji. "Kumbe wewe ndiye uliyenifutia ujana wangu," akasema, hata hakuinua kichwa. Nikaomba radhi. Akanipima juu mpaka chini. "Mwanangu, nakala ya barua yako nimeificha chini ya godoro. Wanangu wote nimewasukuma shule kwa kuwaambia mimi nilisoma kwa shida. Wakiiona hiyo, niwaambie nini?"

Nikamfungulia rejista. Alipoona jina lake, la sita, alicheka mpaka mtoto wa bandeji naye akacheka. "Yule mwalimu wetu wa kwanza, jamani. Darasani tulikaa nyuma, kila mmoja na kigoda chake kutoka kwao. Mvulana akigeuka tu, anafuta ubao wiki nzima. Sasa naona hata kwenye karatasi alitutenga."

Tukashuka pamoja. Afisa wa utumishi aliziweka barua zangu mbili ubavu kwa ubavu. "Karani, tuamini ipi?" Nikaweka rejista mezani, nikaigeuza. Akaitazama kwa muda, akaichukua, akaingia nayo kwa bosi wake. Akatuambia tusubiri nje.

Mlango wa bosi haukufungika vizuri. Kwanza kurasa zinapekuliwa. Kisha mtu amecheka — kicheko kizuri, si cha dharau. Sasa afisa anasoma majina ya wasichana kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mwalimu wa zamu. La pili. La tatu.

La nne.

La tano. Muuguzi amesimama, ananyoosha sare yake —