Sufuria ya Mama Kwenye Ramani

Kirotshe, 14 Mei 2023

Dada Joséphine-Marie,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Hamjambo huko Ntoto? Goti lake linaendeleaje? Mimi ni mzima, na kazi ya fotokopi hapa karibu na hospitali inaniachia nafasi.

Dada, nimeona kitu kwenye interneti. Ni site, yaani tovuti, ya mwanamke wa nchi ya mbali anayepiga picha za kijiji chao tu: mikono, milango, mvua. Unagusa alama nyekundu kwenye ramani, picha inafunguka polepole mpaka inajaa kioo chote. Nilimsahau hata mteja aliyesimama mbele yangu. Nikajiuliza, sisi hatuna macho? Nimejifunza kutengeneza site kama ile, nakosa picha tu. Wewe unajua kuona. Mpe Callixte, mbeba barua wetu, carte mémoire ya simu yako, ile kadi ndogo yenye picha, ataniletea kwa pikipiki.

Mdogo wako,
Bienvenu

Ntoto, 2 Juni 2023

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tuko wazima. Mama anatembea kwa fimbo na kugombeza kila mtu. Nilipomsomea barua yako alicheka: "Mutoto alikimbia jembe, sasa iko anaomba picha za wenye kulima."

Carte mémoire hiyo hapo. Kuna picha ya sufuria yake kati ya mizizi mikubwa, jua linapenya majani. Niliipiga mwezi wa tatu, wenye bunduki walipokuja tukakimbilia kule porini. Unapajua. Tunajificha pale tangu wakati wa babu, na hakuna anayepataja mbele ya mgeni. Ukiipenda iweke, ila usiandike jina la mahali.

Dada yako,
Joséphine-Marie

Kirotshe, 25 Juni 2023

Dada yangu,

Habari za nyumbani? Mimi nina furaha mpaka nacheka peke yangu. Site imetoka! Jina la mahali sikuandika, nimekutii. Ramani inajipanga yenyewe: simu yako huhifadhi ndani ya kila picha mahali ilipopigwa, site inasoma na kuweka alama nyekundu. Sikugusa kitu.

Watu wanatumiana picha zako, na sufuria ya Mama ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Mmoja, hakutaja jina ila anaandika vizuri sana, ameuliza kama pikipiki inafika hapo. Nikamjibu hapana, ni miguu tu, unafuata kijito. Unaona, dada? Picha yako inawatia watu hamu ya kufika.

Mdogo wako,
Bienvenu

Ntoto, 9 Julai 2023

Bienvenu,

Hujambo. Naandika haraka, nina hofu, na Callixte hataki kuzima pikipiki.

Chantal, muuguzi wetu, alikwenda soko la Masisi, ambako réseau ya simu inashika. Amerudi na ramani yako ndani ya simu. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Hii njo fasi yetu, ao niko najidanganya?" Ndipo mahali petu pa kujificha: alama iko juu ya kijito kabisa. Mama akauliza tunaangalia nini, nikamrudishia Chantal simu.

Hukuandika jina, najua. Umewachorea njia. Na huyo rafiki yako mpya, mtu wa picha gani anauliza habari za pikipiki? Juzi tumesikia risasi ng'ambo ya kilima. Tutakimbia tena, na Mama hawezi kutembea mbali kuliko pale. Ondoa leo.

Dada yako

Kirotshe, 13 Julai 2023

Dada,

Nimeondoa yote, ramani, picha na site yenyewe. Nimemwandikia yule mtu kwamba nilikosea mahali. Hakujibu.

Lakini watu walikuwa wameshaichukua ile picha na ramani yake. Ukitafuta bado unaikuta kwa watu nisiowajua, sufuria juu na ramani chini. Hao siwezi kuwaondolea. Msiende pale, nakuomba. Njooni huku Kirotshe. Barabara ikikatika nitakuja kumbeba Mama mgongoni. Naogopa, dada.

Bienvenu

Kirotshe, 6 Agosti 2023

Dada, Mama,

Hamjambo? Callixte anasema barua yangu aliiweka mkononi mwako. Anasema pia kwamba aliporudi Ntoto alikuta milango imefungwa na hakuna mtu wa kuuliza. Niambieni mko wapi. Popote pale, nitakuja.

Bienvenu wenu

17 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Hujambo? Tuko hai. Mama anakohoa kwa sababu ya mvua, lakini ni mzima.

Barua yako ya kutuonya ilifika siku ile ile ya kukimbia, kwa hiyo hatukwenda pale. Tulimbeba Mama kwa kupokezana, tukapita upande mwingine. Wenye bunduki walikwenda. Walifuata kijito mpaka kwenye mizizi, wakakuta majivu ya zamani tu.

Najua utauliza tuko wapi. Nilikuwa nimeshaandika jina la hapa. Mama akataka nimsomee nilichoandika, nikamsomea. Akasema: "Toa hiyo jina. Umuambie namupenda sana. Umuambie asilie. Lakini fasi tuko, usimuambie."

Nimechana karatasi ile na kuanza upya. Callixte usimsumbue, hii haikupitia kwake.

Dada yako anayekupenda,
Joséphine-Marie