Taa Haichagui Waya

Kagoma, Muleba
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Mujuni,

Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa mvua kimekwisha. Sisi huku miili ni mizima. Mama anakusalimu sana na anauliza kama huko kisiwani ndizi zinafika au mnakula ugali siku zote. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nimeona niandike. Mama Violeth, yule anayekuja huko kununua dagaa, ameniahidi kuitia barua hii mkononi mwako. Naomba uisome ukiwa peke yako.

Mimi nilimaliza mtihani wa kidato cha nne na sasa nasubiri matokeo. Asubuhi napalilia migomba kibanjani na Mama, jioni namenya ndizi. Watu wakinipita njiani wananiuliza nitakuwa nani, na unajua nilivyo, mbele ya watu maneno hunikimbia. Kwenye karatasi angalau hayakimbii sana.

Kaka, nataka kukueleza habari za pikapu. Najua hupendi kuisikia, maana ndiyo iliyokutoa nyumbani. Lakini vumilia usome.

Baada ya Tata kukufukuza wewe mwanawe kwa kusema umechemsha injini kwa uzembe, alianza kuendesha mwenyewe. Aliteremsha ndizi mwaloni, kule ziwani, na kupandisha samaki, kama ulivyokuwa ukifanya. Na gari likachemka kwake vilevile, palepale kwenye ule mlima. Kila safari alisimama, akafungua boneti, akangoja mvuke uishe. Vijana wa bodaboda walikuwa wakipunguza mwendo, wakimwita mzee Gozbert na kumwuliza kama chai imeiva, na kama leo atatoa na vikombe. Alirudi nyumbani akanawa, akala. Hakusema kwamba kumbe haukuwa uzembe wako. Mimi na Mama tulisubiri aseme, hakusema.

Ndipo akamwita fundi Haruni, yule jirani yetu mwenye gereji karibu na kanisa. Haruni aliikagua akasema feni ya zamani inazungushwa na injini, na kile kinachoishika kimechoka, kwa hiyo mlimani, gari linapokwenda polepole na mzigo, feni nayo inazubaa. Akashauri aitoe kabisa, aweke feni mbili za umeme. Alizipata Rwamishenye kwa wauza vipuri vya magari yaliyokatwa. Akazifunga nyuma ya rejeta, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri, akaweka swichi chini ya usukani. Nyaya zote zilikuwa nyeusi, hakupata za rangi, basi akafunga kitambaa chekundu kwenye mmoja ili usichanganywe na mwenzake. Mimi nilikuwa nimemletea maji ya kunywa, akanionyesha. Aliweka jani kavu la mgomba mbele ya gari, akawasha swichi, jani likavutwa na kunasa. Akaniambia hivyo ndivyo upepo unavyotakiwa kuingia.

Siku ya kwanza Tata alipanda mlima ule bila kusimama. Alipofika mahali alipozoea kuchemka alipiga honi mpaka watu wakatoka nje. Alikuja na sangara mkubwa kwa Mama, akasema pikapu yake sasa ina feni mbili kama saluni. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, kaka. Nilidhani atakuita urudi.

Kisha senene wakaanguka. Mwaka huu walikuja wengi sana, na usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Majirani wenye jenereta waliwasha, mbingu juu yao ikawa nyeupe, senene wakafuata mwanga, na kwetu giza. Tata hakuvumilia. Akasogeza pikapu kibanjani, akafungua boneti, akazichomoa zile nyaya kwenye feni akaziunga na taa kubwa ya gari, kwa sababu zilikuwa nene na tayari zina swichi yake. Tulisimamisha mabati ili wayagonge na kuanguka, mimi na Mama tukawa tunakusanya. Tulipata senene wa kujaza vikapu. Alfajiri Tata alirudisha nyaya kwenye feni akiwa na haraka ya kuteremka mwaloni. Aliwasha swichi, feni zikalia, akafunga boneti. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nanyonyoa mabawa.

Alirudi amevutwa kwa kamba na lori. Gasketi imeungua, silinda hedi imepinda, samaki wa watu wameharibika. Alikuwa akisema feni zilikuwa zinalia njia nzima, alizisikia kwa masikio yake, hazikusimama hata kidogo. Haruni akaja mbio. Aliwasha swichi akaweka jani mbele ya gari. Jani likapeperushwa, likaangukia miguuni pake. Akasema feni zinazunguka kinyumenyume, zinausukuma nje upepo unaotakiwa kuingia, kwa hiyo nyaya zimegeuzwa. Tata akasema aliyezigeuza ni Haruni mwenyewe aliyezifunga.

Kikao kilifanyika kwetu sebuleni. Mzee Lwakatare alikuja na wazee wengine wa ukoo. Mimi nilipitisha kahawa ya kutafuna nikiwa nimepiga magoti. Haruni aliwaambia kwamba alifunga kitambaa chekundu kwenye waya na sasa hakipo, kwa hiyo kuna aliyeshika. Tata alijibu kwamba tangu siku ile hakuna mkono ulioingia mle isipokuwa wa kuongeza maji. Mzee Lwakatare akauliza tangu lini injini ya mtu huuawa na kitambaa, wakacheka. Haruni hakucheka. Alinigeukia akaniomba kwa heshima, waitu, niseme kama nimeona mtu akigusa zile nyaya. Tata akamwambia mtoto wa kike ajue nini cha magari. Kinywa changu kilikuwa wazi, kaka. Kisha Mzee Lwakatare akanyoosha mkono achukue kahawa, nikampa, nikatoka.

Wakaamua kasha la spana la Haruni likae kwetu mpaka injini itakapopona. Lipo sebuleni hadi leo. Fundi bila spana ni nani? Mkewe Esther alikuja mara mbili kuliomba, akasimama uani bila kukaribishwa.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Baada ya kikao nilikwenda kukung'uta kikapu tulichonyonyolea senene. Chini kabisa, katikati ya mabawa makavu, nilikuta kile kitambaa chekundu. Nikaelewa yote. Taa haichagui waya. Uigeuze, usiigeuze, inawaka. Feni inachagua. Tata alizirudisha nyaya kama mtu anayeunga taa.

Nilishindwa kusema. Nilichoweza ni kukifunga kile kitambaa kwenye mpini wa kasha, alfajiri, kabla hawajaamka. Nikajificha jikoni. Tata alikiona. Akakifungua, akakitia mfukoni, akatoka hadi kwenye pikapu. Nilimwona kupitia dirisha akiokota jani la mgomba na kuwasha swichi. Jani likaruka. Akazibadili nyaya, akarudisha jani. Likanasa. Alikaa akilitazama, kaka, kama anayesoma.

Nilimshukuru Mungu nikidhani sasa atalibeba kasha alirudishe. Aliingia, akalisukuma chini ya kochi, akalifunika kwa gunia. Akaniambia nimletee maji ya kunawa. Jioni akaongoza sala ya nyumbani kama kawaida.

Anajua, na anajua kwamba mimi najua, na tunakula meza moja. Nikimtazama ninaona na wewe ulivyotoka na begi lako huku ukisema maji uliweka. Nakuamini, kaka. Ilinipasa kukuambia siku ile.

Sijui nifanye nini. Mama nikianza tu kusema ananiomba ninyamaze. Wewe ndiye mkubwa wetu, labda kwako wazee watasikiliza. Au labda kwa sababu Tata alikufukuza hawatakusikiliza kabisa. Hata hilo silijui.

Msalimie yeyote anayekupikia huko. Jikinge na baridi ya ziwani.

Neno la mwisho. Esther ameniambia Haruni amekata tamaa ya kungoja. Anakuja huko kwenu kuomba kazi ya kuvuta nyavu, na atapanda mtumbwi huohuo wa Mama Violeth, pamoja na barua hii. Hajui ndani mna nini. Ukimwona akishuka, mpokee, mpe chai. Kisha, kama una moyo ambao mimi sina, msomee.

Ni mimi mdogo wako,
Yuster