Chungu cha Wachina na Mahari ya Ombati

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Nimehamisha chungu tena. Kilikuwa chini ya kitanda, sasa kiko darini, ndani ya gunia. Mke wangu Moraa anasema nitakichosha. Aseme tu. Hajui kitu.
Mimi ndiye mtu pekee Nyamache yote mwenye kitu cha Wachina. Nilipika kwa Wazungu kule Sotik mpaka walipofunga mizigo wakaenda kwao. Memsahib, yule mama mwenye nyumba, akanipa hiki kwa mkono wake. Shaba nzito, miguu mitatu, masikio ya kushikia yenye sura ya kichwa cha ndovu. Tumboni kuna nyoka mwenye miguu na ndevu. Chini kuna maandishi kama nyayo za kuku. Cheusi, na kijani kidogo kwenye mikunjo.
Jumapili wakwe wanakuja kuangalia ng'ombe. Mwanangu Ombati alimleta Kemunto hapa mwaka jana bila mahari. Kupe walikuwa wamemaliza zizi langu. Amebaki mmoja. Baba ya Kemunto, mzee Nyakundi wa Manga, ametuma neno: hakuna ng'ombe, msichana anarudi. Nimemjibu watakuwepo watano. Chungu kitanunua wanne. Nimesema, imekwisha.

Jumatano, 4 Agosti
Mjini Kisii, kwa Mhindi anayetengeneza saa. Dukani giza. Nikafungua gunia kidogo. Nilikipindua mwenyewe, maana Memsahib alinifundisha: kitu cha Wachina kinaanza kuangaliwa chini. Mhindi akaweka kioo jichoni. Akasoma zile nyayo za kuku muda mrefu.
"Mzee, mimi najua saa tu. Iko tajiri ya Nairobi inakuja Ijumaa. Hiyo ndiyo najua China."
Nikamwambia ng'ombe wanne. Akacheka. Mimi sikucheka.
Sijalala mchana. Nimezunguka zizi la ng'ombe mmoja kama mwizi.

Alhamisi, 5 Agosti
Kazi. Kazi ya kiume.
Baba yangu hakumwonyesha mkwe fahali mchafu hata siku moja. Alimwosha, akamsugua, akampaka samli mpaka anang'aa. Wakwe wakifika wanasema, huyu ni ng'ombe! Sasa mimi nipeleke chungu cheusi kama sufuria ya maharagwe? Hapana.
Majivu, limau, mchanga laini wa yale mawe ya kuchonga ya Tabaka. Nimesugua tangu asubuhi. Kijani kilikuwa kigumu, nikakichokonoa na msumari. Halafu samli. Miaka yote Sotik hakuna aliyenishinda kung'arisha vijiko.
Moraa akasimama mlangoni. "Si Memsahib alikukataza kukisugua?"
Nikamwambia Memsahib alikuwa mchoyo wa dawa ya shaba.
Kinang'aa kama jua. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 6 Agosti
Siku mbaya.
Tajiri wa Nairobi ni Mhindi mfupi, suti, adabu nyingi. Kabla sijafungua alipima uzito kupitia gunia, akatikisa kichwa kwa furaha. Akapapasa miguu. Nikafungua. Akakivuta kwenye mwanga.
Alihesabu kucha za yule nyoka. Akakipindua, nyayo za kuku nilikuwa nimezisugua mpaka zikafifia. Akapitisha kidole kwenye mikunjo.
"Nani ameosha hii?"
"Mimi," nikasema. Kwa sauti kubwa. Nilidhani ananisifu.
Akanieleza polepole, kama anaongea na mtoto. Ile ngozi nyeusi na kijani ndiyo umri wake. Mikono ya watu wengi, moshi wa ubani, miaka mingi. Mtu hanunui shaba, ananunua hiyo ngozi. "Umemchuna, mzee." Angetoa bei ya ng'ombe wanne na zaidi. Sasa labda bei ya ndama.
Nikamwambia hajui kitu. Nikafunga gunia langu nikatoka.
Anajua. Hiyo ndiyo inaniuma.

Jumamosi, 7 Agosti
Sabato yetu Waadventista. Sikusikia mahubiri. Nimeketi, nimesimama, nimeketi. Ombati ameuliza ng'ombe wanafika saa ngapi. Nikamfokea. Kemunto akainamisha kichwa. Ana mimba sasa inaonekana.

Jumapili, 8 Agosti
Wamekuja. Nyakundi na ndugu zake. Wakaenda moja kwa moja zizini, kama desturi. Ng'ombe mmoja. Nyakundi akamwangalia meno, akaangalia uzio.
"Wengine wanachungwa wapi, mkwe? Uganda?"
Ndugu zake wakacheka. Kemunto alikuwa jikoni anafunga nguo zake. Nilimwona.
Ndani ya nyumba Nyakundi akaona chungu. Macho yakamtoka. Yeye ni Mkatoliki, akasema hata kanisani kwao, wanakofukiza ubani, hakuna kitu kama hiki. Akakibeba. "Hiki ungesema mapema! Hiki ni ng'ombe wanne. Nakichukua, tumemaliza."
Moraa akaniangalia. Ningekaa kimya tu. Kimya tu kidogo.
Lakini ng'ombe wa mahari ukimficha ugonjwa, wajukuu ndio wanalipa. Hata mjinga anajua.
Nikasema: "Weka chini. Hicho ni ndama. Kilikuwa wanne mpaka Alhamisi. Nimekichuna mimi mwenyewe kwa mikono hii, na hakuna mwingine Kisii nzima angekichuna vizuri hivyo."
Nyakundi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mkwe, maisha yangu yote sijamwona mtu anashusha bei ya ng'ombe wake mwenyewe!"
Wakatoka nje kushauriana. Wakarudi. Wanachukua ng'ombe na ndama wa shaba. Watatu waliobaki nitawalipa polepole, kwa pesa ya chai. Kemunto anabaki.
Ombati akaenda jikoni kwa Kemunto.

Jumanne, 10 Agosti
Mvua ya mawe jana, leo jua. Majani ya chai yamechanika kidogo.
Kemunto ameniletea uji. Akasema, "Tata, kunywa." Tata ni baba kwetu. Hajawahi kuniita hivyo.
Uji ulikuwa mwepesi. Mimi napika uji mzuri kuliko huo.
Nimekunywa wote.