Kwa Kabula, Aliyeshuka Mgongoni Mwangu

Kilombero, Jumapili, mwezi wa kumi. Huu ni mwezi wa tano tangu niondoke Ipole.

Mdogo wangu mpendwa Kabula,

Mama mpe shikamoo yangu. Mimi ni mzima, ila viganja vimepasuka, na masizi ya miwa iliyochomwa hayatoki hata kwa sabuni ya kufulia. Unajua shule niliiacha njiani, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Treni iliyonileta huku ilipopita Tura, nilikumbuka bibi alivyotusimulia juu ya wapagazi wa Kinyamwezi walioishika njia hiyo kwenda pwani, pembe za ndovu mabegani. Nikacheka peke yangu. Na mimi ni mpagazi, ila mzigo wangu nimeuacha nyumbani unajifunza kutembea.

Maana nimekubeba, Kabula. Tangu ule ugonjwa wa utotoni uliopoozesha miguu yako, mgongo wangu ndio ulikuwa baiskeli yako: kanisani, kisimani, msibani. Hata ulipokuwa mtu mzima nilikubeba, ukinipiga bega: "Kaka, taratibu, mimi sio robota la tumbaku!"

Kisha akaja Neema, mwanafunzi wa fildi kutoka chuoni Tabora mjini, aliyepangiwa kijiji chetu kuwafundisha watu wenye ulemavu kutunza afya na kuimarisha viungo. Siku ya kwanza aliniuliza mimi, "Kaka, mgonjwa anakula vizuri?" Ukamjibu kabla sijafungua mdomo: "Niulize mwenyewe. Miguu ndiyo iliyokufa, masikio yapo." Aliona aibu yule binti. Akavua viatu, akakaa nawe mkekani, akaanza upya. "Haya dada, samahani. Wewe unataka nini?"

Nilidhani utasema baiskeli ya magurudumu matatu. Ukasema, "Nataka siku nikichoka na watu, niondoke mwenyewe."

Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unangoja mimi nimalize mazungumzo yangu.

Unakumbuka bani letu la kukaushia tumbaku? Tumbaku ilikwishatolewa, limebaki tupu, linanuka moshi. Neema akafunga fito mbili kwa kamba zetu za tumbaku, usawa wa kiuno chako, ukawa unashika huku na huku na kujivuta. Siku ulipoanguka nilikurupuka kukuinua. Akanizuia: "Kaka, mikono nyuma. Akikuhitaji atasema." Na wewe pale chini, vumbi mpaka kwenye nyusi: "Ukinigusa, leo ugali utajisongea mwenyewe!"

Nikasimama mlangoni, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni. Miwa ninayoikata huku tangu alfajiri hainichoshi kama kusimama kule kulivyonichosha. Ulijikokota, ukashika ufito, ukateleza, ukashika tena. Ukasimama. Neema alipiga makofi, mama akapiga vigelegele, mimi nikatoka nje kwa kisingizio cha kuangalia mbuzi.

Nilipoondoka ulikuwa na magongo yako ya mninga, lakini mwisho wako ulikuwa kisimani, tena mama akiwa nyuma yako. Nilipanda treni na swali moja: ukikwama mbali, nani atakubeba?

Juzi mama alinipigia, anafoka. "Mdogo wako ametutia kiwewe! Sherehe ya watu iko katikati, hayupo! Tumemtafuta mpaka chooni, kumbe yuko nyumbani, amejilaza, anakula karanga!" Nilicheka katikati ya miwa mpaka msimamizi akauliza nimekunywa nini.

Lakini nikuambie ukweli. Tulipokaa kula, chakula hakikushuka. Nilijiona kama mtu aliyepunguzwa kazini. Kisha nikakuwaza unavyorudi njia nzima, gongo hili, gongo lile, hakuna wa kumwambia "kaka, twende," na hakuna wa kukujibu "ngoja kidogo." Nikamaliza sahani, nikaongeza.

Miwa itaisha mvua zikianza, na kabla ya Krismasi natarajia kuwa nyumbani. Gari litanishusha njia panda. Usimtume mtu na baiskeli, njoo wewe unipokee. Nikikuona kwa mbali sitakukimbilia. Nitakaa juu ya begi langu, mikono nyuma, mpaka unifikie. Nina mengi ya kukusimulia. Ukinichoka, tangulia.

Kaka yako,
niliyekuwa mgongo wako