Vidole Vyangu Mdomoni Mwako

Mama Elia, mke wangu,

Kifua kimebana na kalamu inanielemea, kwa hiyo sitazunguka. Nina kinyaa, na sitaki kufa nacho.

Unakumbuka, huko ulikotangulia, ile kanda tuliyorekodi kanisani Kinampanda, wewe ukiimba peke yako, mimi kwenye kinanda? Ulikuwa na tabia uliyoitoa kwa mama yako kwenye kupura mtama: fimbo ishuke kwanza, ndipo sauti ije. Mimi na usomi wangu wa nota nilikukemea, "Unachelewa!" Ukanicheka. "Kimbia wewe, Mwalimu. Nitakukuta." Na kweli ulinikuta kila mara, mwishoni mwa mstari.

Juzi mjukuu wetu Neema alikuja kutoka Mandewa, kanda ile ameiingiza kwenye simu. Alisema kuna programu inayosikiliza wimbo wenye ala, inamtafuta mwimbaji humo na kuchora sauti yake inavyopanda na kushuka. Kwaya imejifunza wimbo wako kwa mchoro huo, wauimbe siku ya kunizika. Wakaja kunionjesha, wamebanana hapa chumbani.

Mama Elia, nilitega sikio. Ubeti wa kwanza ulikuwa wewe. Kwenye wa pili, pale unaponyamaza kidogo ukisubiri, mashine ilikosa wa kumfuata, ikashika kinanda changu, na haikukurudia tena. Vijana wa watu wanaimba vidole vyangu kwa maneno yako, wamefumba macho kwa uchaji! Ilikuwa kama kupewa uji wenye nywele nikaambiwa umeukoroga wewe.

Nikalia. Mwalimu wao akasema, "Mnaona? Mzee amemsikia Bibi." Nami, na hili ndilo ninalokiri kwako, nikaitikia kwa kichwa.

Jana nilimwita Neema.

"Yule si bibi yako. Ni kinanda."

"Babu jamani! Si ungesema palepale?"

"Niliona haya. Mlikuja na soda."

Akacheka, kisha akanuna. "Haya, imba wewe, nirekodi."

Nikavuta pumzi, kikatoka kikohozi. Nilipojaribu tena, sauti yangu ikaangukia palepale kinanda kinapoangukia. Nimeishi na wewe maisha yote, na koo langu halikujifunza kitu. Hapo nilijichukia kuliko nilivyoichukia mashine.

Nikamwambia aufunge mchoro, asikilize kanda kwa sikio, na anyooshe kidole kila unapoingia. Mara ya kwanza akanyoosha kwa kinanda. Ya pili vilevile. "Babu, umejaa wewe tu humu!" Ni kweli, nilikuwa nabonyeza kwa nguvu. Tulirudia mpaka chai ikapoa. Halafu kidole kikabaki hewani, kikangoja, na ulipoingia ndipo kikanyooka. Mara moja tu. Sikuthubutu kumsifu.

Anarudi leo mchana. Nikiondoka kabla hajakupata wimbo mzima, nimeagiza wanizike kimya. Afadhali kimya kuliko vidole vyangu mdomoni mwako.

Mumeo,
Baba Elia