Mafuta ya Kila Mtu

Jumanne jioni.

Andika, Chebet, mjukuu wangu, andika vile mimi nyanya yako nasema.

Ile habari ulinisomea kwa simu, eti kila mtu Amerika anatumia mafuta mingi sana, India kidogo, sisi Kenya kidogo kabisa. Nikauliza, "Kwani hao wanakaanga nini?" Ukacheka mpaka ukakohoa. "Kogo, ni mafuta ya petroli!"

Haya, nimeelewa. Sasa baba yako kesho analeta mashine ya kuchuna chai, inakunywa petroli kama ndama. Mkono yangu je, inakunywa nini?

Naogopa, sifichi. Nikiacha kuchuna nitakaa tu kwa nyumba kama... wacha.

Kikapu nimeweka mlangoni. Akifika na mashine yake atanipata shambani. Mafuta yangu ni ile ya kupaka magoti.